Taazia kwa Watu wa Pudham

Jumapili, 26 Oktoba
Habari kubwa! Chama cha historia cha Pudham kinatoa kitabu. Pudham ni kijiji cha Uingereza nilikopanga chumba nilipokuwa nikisoma. Kanisa, kidimbwi, baa moja. Ukipiga chafya mwisho wa kijiji, unaombewa afya mwanzo wa kijiji. Zamani mfalme alipita hapo. Hakusimama. Wanaringia hilo mpaka leo.

Kitabu kitakuwa na ukurasa mmoja wa mgeni aliyewahi kuishi pale. Mimi huyo! Bahati mbaya yupo pia Yaqoob, jirani yangu hapa mtaani kwetu, Madinat Sultan Qaboos. Kule alikaa chumba cha juu ya changu muhula mmoja tu, akinung'unikia baridi. Eti naye kaomba! Kamati itachagua Ijumaa ya wiki ijayo. Nataka wajukuu zangu walione jina la babu yao kwenye kitabu cha Pudham. Yaqoob simwachii.

Alhamisi, 30 Oktoba
Halwa niliyowatumia kamati imefika. Kopo kubwa, zafarani tele. Mwenyekiti wao, Bi Dorothy, kanishukuru sana. Wameiingiza kwenye mashindano ya jemu. Imetoka ya tatu!

Yaqoob kacheka mpaka kashika ukuta.

Jumapili, 2 Novemba
Msiba Pudham! Bi Dorothy kaandika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kwamba Gladys wa kidimbwini ametutoka kwa amani, na kijiji kizima kinalia. Gladys yupi? Simkumbuki. Lakini kwetu mtu akifa huanzi kuuliza maswali, unakwenda. Tena uwe wa mwanzo.

Mke wangu, Mahbuba, kanambia, “Baba Ruba, ulizia kwanza.” Niulizie, Yaqoob anitangulie? Nimetuma taazia ndefu. Nimeandika kwamba sitousahau ukarimu wa marehemu, na supu aliyonipikia kwa mikono yake nilipokuwa na homa. Uongo mdogo, wa heshima. Mioyo na machozi vimemiminika. Nimemtangulia Yaqoob. Ushindi!

Jumatatu, 3 Novemba
Nimeweka kilio sebuleni, kwa video. Kanzu nyeupe, kahawa, uso wa majonzi. Nikawaalika Pudham wote. Akaingia Bi Dorothy, akaingia fundi wa kengele za kanisa, wakaingia watu nisiowajua. Nikauliza marehemu kaacha watoto wangapi. Fundi akasema wengi, ila mayai mengine yaliliwa na mbweha.

Bi Dorothy akaonyesha picha. Bata bukini! Mnene, utepe mwekundu shingoni. Na mimi nishasema kanipikia supu!

Mahbuba alikimbilia jikoni. Kicheko chake nilikisikia.

Ijumaa, 7 Novemba
Kamati imeamua. Ukurasa wa mgeni kapewa Yaqoob. Nimeumia, sifichi. Nilikaa garini nje ya nyumba mpaka chai ikapoa ndani.

Lakini Bi Dorothy kasema tangu Gladys afe hakuna aliyewafariji kama mimi, na ile supu imewachekesha kijiji kizima. Kwa hiyo nimepewa ukurasa wa kumbukumbu ya Gladys. Jina langu litakuwemo, chini ya bata. Nimekubali haraka kabla hawajabadili mawazo. Ukurasa wangu uko mbele ya wa Yaqoob! Nimepita kwake kumpa pole. Hakuonyesha kuihitaji.

Jumapili, 9 Novemba
Asubuhi nimefungua simu. Furaha Pudham! Beryl, wa nyumba ya nyuma ya kanisa, kajifungua salama. Watoto sita! Mashallah! Wanawake wa kule wana nguvu. Mahbuba katoa kichwa jikoni, kataka nimuulize kwanza Bi Dorothy. Kuuliza nini tena? Yaqoob bado kalala! Nimeshamwandikia mume wa Beryl hongera ndefu hukohuko kundini, na nimemuuliza kama wote sita wamechukua pua yake.