Pingu ya Uvunguni kwa Bibi

Jumanne, 1 Julai 1969. Mikindani.
Mwalimu Elia ametangaza maonyesho ya historia siku ya Saba Saba. Kila mwanafunzi wa darasa la sita alete kitu cha kale. Mwenye kitu bora ndiye atakayemwongoza Mkuu wa Mkoa kwenye meza ya maonyesho. Yaani mimi, Mwaisha. Tatizo ni Yustina. Baba yake, karani wa bandari, aliokota kibao cha klabu ya zamani: WAZUNGU TU. Mwalimu alikitazama. Akasema kibao kama hicho kiliwahi kumrudisha mlangoni, naye kavaa tai. Darasa zima likamzunguka Yustina. Lazima nimpiku.

Jumatano, 2 Julai.
Nimepata! Pingu ya miguu, ya enzi za biashara ya watumwa. Ilikuwa uvunguni kwa Bibi, imefungwa kwenye kaniki. Sikumwomba. Angeuliza maswali. Darasani nikatangaza kuwa ni urithi wa ukoo wetu. Ndipo Fikirini, ambaye kwao ni Mpapura, huko bara walikokamatwa watumwa, akauliza:
"Nyie mlikuwa mnafunga au mnafungwa?"
Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikajibu tulikuwa tunafunga. Lilisikika vizuri zaidi. Fikirini akasema basi nimrudishie babu wa babu yake. Akahama dawati. Wengine wakamfuata.

Alhamisi, 3 Julai.
Nimesahihisha. Nimetangaza kwamba tulikuwa tunafungwa. Fikirini amerudi dawatini. Ila habari ilifika kisimani kabla sijafika nyumbani. Shangazi Hadija miaka yote huwaambia watu sisi ni Washirazi. Leo wanawake wamemwita mjukuu wa mtumwa, wakamcheka, akaacha ndoo hukohuko. Hakupika. Na pingu imetoweka kwenye kabati la shule! Mwizi ni Yustina.

Ijumaa, 4 Julai.
Uchunguzi. Nimepekua mkoba wa Yustina. Mihogo ya kuchemsha, vipande viwili. Nikala kimoja. Akanikuta natafuna. Akasema kwao watu huomba. Kisha nikakumbuka kuwa ufunguo wa kabati anao Mwalimu peke yake. Nikamkabili. Akasema, bila hata kubanwa, kwamba mwenye pingu alikuja kuichukua. Bibi!

Jumamosi, 5 Julai.
Bibi alikuwa anakuna nazi. Hakuacha.
"Aliivaa mama yangu, kutoka bara mpaka hapa. Sikuiweka ili wewe upate sifa, mjukuu wangu."
Shangazi akalalamika kutoka chumbani kwamba tumeaibika. Bibi akasema aibu hiyo wapelekewe wajukuu wa aliyemnunua. Nyumba yao inapakwa chokaa kila Idi, na hakuna anayewacheka kisimani. Baadaye Shangazi akatoka, akaenda kuifuata ndoo yake.
Nililia kidogo.

Jumapili, 6 Julai.
Nimeelewa kabisa. Pingu si ya maonyesho. Sitaigusa tena.
Nimekwenda kwa Mwalimu kuomba kiti kimoja kiwekwe mezani, kando ya kibao cha Yustina. Kesho nampeleka Bibi mwenyewe.
Yeye anajua tunakwenda kula pilau.