Malalamiko Juu ya Muuguzi Aliyeninyang'anya Kikombe cha Maji

Baraka, Jumatatu

Kwa Bwana Alphonse, mkubwa wa kituo cha afya cha mtaa wetu,

Natumaini u mzima, maana hata wanaotoa dawa huugua. Mimi ni Norbert, fundi cherehani, baba ya Ketsia mwenye miaka minane. Kwa heshima zote namshitaki muuguzi wako, Mama Pulchérie, aliyeniaibisha mbele ya bibi yangu Merveille, mama ya Ketsia, na benchi zima la wagonjwa.

Jambo lilikuwa hivi. Ketsia bado anakojoa kitandani. Kwaya ya watoto ilialikwa kulala Nundu siku mbili, naye ndiye anayeanzisha nyimbo. Sikutaka jina langu lirudi kutoka Nundu likinuka. Shemeji yangu Dany akaniletea vidonge vya kuzuia kukojoa vilivyobaki kwa mtoto wa jirani yake. Karatasi ilisema kidonge kimoja kabla ya kulala, na mtoto asinywe maji mengi jioni. Nimesoma, Bwana Alphonse, kwa hiyo nilifikiri: kama kimoja kinakausha kitanda, vitatu vitakausha ukoo. Nikampa vitatu. Tena, ili nijue kama dawa inafanya kazi, nilimnywesha vikombe vitano vya maji. Mtu akiziba pipa, si analijaza aone kama linavuja?

Asubuhi kitanda kilikuwa kikavu. Ketsia ndiye hakuwa sawa. Alilalamika kichwa, akatapika, akaanza kuniita Mwalimu. Tukampakia kwenye pikipiki. Makosa ya muuguzi yanaanzia mlangoni pa kituo.

1. Aliuliza mtoto amemeza dawa gani. Nikasema ni malaria tu. Badala ya kuniamini mimi, kichwa cha nyumba, alimgeukia bibi yangu, naye akasema kila kitu. Huko ni kuvunja ndoa za watu.

2. Nilikuwa nimeanza kumpa mtoto maji ili dawa isafishike tumboni. Hapo hapo akashikwa na degedege. Muuguzi alininyang'anya kikombe, akaniambia polepole: "Baba Ketsia, acha. Ni hii maji njo inamuua mutoto." Baadaye alieleza kwamba dawa ile huzuia maji mwilini, na yakizidi, chumvi ya damu hupungua mpaka ubongo unavimba. Sisi wa Baraka tunajua maji yanaua watu ziwani. Ya kikombe hatujawahi kuyashitaki.

3. Alitukimbiza hospitali bila kuniomba maoni.

4. Siku ya pili alikuja kutusalimia huko, akanifundisha kama mwanafunzi. Eti kukojoa kitandani si uvivu wala utundu, na wengi huacha wenyewe wakikua. Eti mtoto apimwe kwanza, hata choo kigumu kinaweza kuwa sababu. Anywe vizuri mchana, apunguze jioni, aende chooni kabla ya kulala. Dawa, ikihitajika, iandikwe kwa jina lake na kipimo chake, asinywe maji usiku huo, na asiimeze siku anayotapika au kuhara. Ya mtoto mwingine, kamwe. Bwana Alphonse, mambo mengi hivyo kwa kidonge kidogo hivyo!

5. Hakunitukana. Kama angenitukana ningejua la kujibu.

Ketsia alifungua macho siku hiyo ya pili mchana. Alinitazama, safari hii akanitambua, akasema: "Papa, nilikunywa yote vile ulisema." Nilitoka nje nikasimama karibu na ukuta. Hilo pia naliweka juu ya muuguzi.

Kwa hiyo naomba ahamishiwe Kilembwe haraka, akataze watu wa huko. Naomba pia serikali itoe amri kwamba vibofu vya watoto visifanye kazi baada ya saa mbili za jioni, ili sisi wazazi tusijaribiwe tena.

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa lango, na wale wa benchi walioniona.

Ni mimi, mwenye kudhulumiwa,
Norbert

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mama yangu amefika kutoka Lubondja kumwona mjukuu. Amesema mbele ya Ketsia kwamba mimi nilikojoa kitandani hadi miaka kumi na mitatu, na kwamba marehemu baba alikuwa akianika mkeka wangu nyuma ya nyumba bila kumwambia mtu yeyote. Hilo la mkeka sikulijua. Ketsia alicheka mpaka akashika tumbo. Mama Pulchérie asihamishwe. Nitamleta mtoto Jumanne apimwe, na vidonge vilivyobaki nitavileta mwenyewe aviharibu.