Mwanangu Si Mbegu

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Kidoti wangu ametoka sasa hivi kulamba kifuniko cha kalamu hii, akaniambia haina chumvi. Halafu waseme mtoto huyu ni mzito! Mtoto anayepima dunia kwa ulimi!

Mwalimu mkuu mpya kaja na mambo yake. Eti saa ya kusoma, kila asubuhi, watoto hawakai tena kwa madarasa, wanakaa kwa uwezo. Wanaobabaika na herufi wanaitwa Mbegu. Wanaosoma maneno, Mche. Wanaosoma hadithi, Mti. Kidoti kawekwa Mbegu. Mapacha wa jirani yangu, Mama Pacha, wote wawili Mti. Wote! Juzi nilimwona Mama Pacha akimbebea mwalimu mkuu mkoba. Sisemi kitu. Nimeona tu.

Leo bombani Mama Pacha kanifariji kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Kasema nisihuzunike, mwenzangu, mbegu nayo huota ikimwagiliwa. Nikamjibu kwamba mti nao hukatwa kuni. Nikaondoka kwa maringo. Ndoo nikaisahau.

Jumanne, tarehe 4

Upelelezi. Nimejibanza dirishani pa Mbegu, nikijifanya natafuta kiatu cha mtoto. Niliyoyaona! Mwalimu mkuu kakaa nyuma kabisa kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu, kimya. Mkuu mzima! Ofisi hana? Wakaingia walimu wengine wawili, nao wakakaa. Mwalimu mmoja anafundisha, watatu wanatazama. Mshahara wa kutazama!

Anayefundisha Mbegu ni yule mama mtu mzima tunayemwita Miwani. Lazima kaadhibiwa. Mtu hapewi Mbegu hivi hivi.

Mlinzi wa geti kaninong'oneza kwamba kila Ijumaa walimu wanafungiana chumbani na kuambiana ni somo gani limewashinda. Limewashinda! Kumbe hawajui! Nimerudi nyumbani nimeshika tama. Mama mkwe kasema hata yeye alijifunza kupika kwa kuunguza. Mama mkwe siku hizi yuko upande wa nani?

Alhamisi, tarehe 6

Nimelalamika shuleni. Kesho watampima upya. Kumbe inawezekana, ukipiga kelele!

Mpango umeiva. Nimeazima kitabu cha mapacha, nikasema nataka kukiwekea gamba. Ukurasa wa sungura na kisima. Nimemkaririsha Kidoti huku napika. Mimi shule niliiacha njiani, najua mtu anavyotazamwa akipewa karatasi asome mbele za watu. Mwanangu hatatazamwa hivyo. Si kudanganya, ni kusaidia.

Kufikia jioni ameushika wote kama maji. Nimetokwa na machozi. Moshi.

Ijumaa, tarehe 7

Aibu yangu!

Nilikuwa dirishani. Kidoti kasimama, kitabu mkononi, kaanza vizuri. Sungura akaenda kisimani. Akachungulia. Akaona sungura mwingine. Halafu, kwa sauti ile ile, bila hata kupumua: toa mkono kwenye unga, nitakuchapa. Sungura akaogopa sana. Mwambie bibi yako maji yamechemka. Mwisho.

Mwalimu Miwani hakucheka. Mwalimu mkuu alitoka nje kukohoa. Kikohozi kirefu.

Wakaniita ndani. Nikajua leo tunafukuzwa, mama na mwana. Mwalimu mkuu kasema mtoto ana kumbukumbu ya ajabu, ila macho yake hayajajuana na herufi, na tusiyaharakishe. Kisha akaniomba Jumatatu nije nikae nyuma ya darasa, nitazame kazi inavyofanyika. Kaniomba! Mimi! Huu mtego.

Baba Kidoti, ambaye ni fundi viti, kasema niende, angalau nitakuwa nimekaa. Hana msaada mtu huyu.

Jumatatu, tarehe 10

Nimekaa. Dawati limenibana, lakini nimekaa, macho pima.

Mwalimu Miwani hafoki. Mtoto akikosea, anamuuliza ameonaje, anamsubiri. Anasubiri kweli! Mimi ningekuwa nimeshajibu na kupika. Wana vifuniko vya chupa vilivyoandikwa silabi, wanavipanga mezani. Kidoti akasogeza kimoja. Akasogeza kingine pembeni yake. Akavitazama, midomo inatembea. Halafu akageuka mpaka nyuma, akanionyesha kidole, akasema: ni wewe.

Alikuwa amepanga "mama".

Na darasani hakuna moshi.

Baadaye nikamkabili mwalimu mkuu. Nikamuuliza Miwani alifanya kosa gani hata akapewa Mbegu. Kacheka. Kasema kosa lipi, huyu ndiye hodari kuliko wote hapa, na fundi hodari hapewi nguo nzima, hupewa iliyochanika. Wenzake wanakaa nyuma ili waibe ujuzi wake. Na Mti? Kasema Mti wana mwalimu mgeni, kijana, bado anajifunza, lakini watoto wale wanajisukuma wenyewe.

Mwalimu mgeni! Mapacha! Nimepita nyumbani kwa Mama Pacha polepole sana, kichwa juu.

Jumamosi, tarehe 22

Msiba. Kidoti anasoma. Anasoma ukuta, anasoma kanga ya bibi yake, anasoma mpaka chini ya sufuria. Jumatatu wanawapima wote, na akifaulu anapandishwa Mche, na Miwani ndiyo basi tena. Nani alipanga hivi? Mtoto akishapata mwalimu mzuri, ananyang'anywa!

Na kuna kingine. Mama Pacha anaulizauliza bombani kama mapacha wanaweza kurudishwa Mbegu, eti wakaimarishe msingi. Msingi! Anataka nafasi ya mwanangu.

Nimepata mpango, na huu hauna tundu. Hakuna kukariri. Safari hii namfundisha kukwama. Tumeanza tangu asubuhi. Nimemwambia akifika neno la pili ajikune kichwa. La tatu, atazame dirisha. La nne, aseme mwalimu, hili limenishinda. Si kudanganya, ni kusaidia. Kaniahidi kabisa. Msikivu mtoto huyu, ukimpa siri haitoki hata um—

Mama mkwe anaita huko uani. Eti njoo mbio, Mama Kidoti, mwalimu mkuu kapita kutusalimia, na mwanao anamsomea pakiti nzima ya sabuni, kila neno la pili anajikuna kichwa, na anasema mama ndiye kamwambia a—