Kirusi Nilichokitafuta kwa Tochi

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa lifti, kaja kula. Nikatangaza kwamba nataka kununua kinga ya virusi kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani. Kacheka! Kasema iliyokuja na kompyuta inatosha, mradi nisibofye kila kinachong'aa. Mke wangu akaitikia kwa kichwa. Mbele yangu! Mkono mtupu haulambwi. Mlinzi asiyelipwa atakesha kwa lipi? Nitamthibitishia.

Jumanne, 5 Machi
Mpango ni mwepesi. Kirusi kimoja kidogo kiingie, kinga ya bure iaibike, shemeji anyamaze. Nimefungua barua pepe zote zinazosema nimeshinda gari. Nimebofya. Imezuia. Nimebofya tena. Imezuia. Nikaenda kwa mwenye duka la fotokopi, ambaye fleshi zake za kubebea mafaili zinajulikana mtaa mzima kwa maradhi, nikamwomba aniazime iliyo mgonjwa kupita zote. Kaniangalia sana. Kanipa. Kinga ikaisafisha ikatakata. Mwenye duka kafurahi, kanipa nyingine tano nimsafishie.

Jumatano, 6 Machi
Nimenunua ya kulipia. Ya bure nimeizima kwa mkono wangu mwenyewe. Hii mpya ni kiboko! Ngao nyekundu, kengele, ripoti. Kabla ya saa sita imekamata mhalifu na kumtia karantini. Nikampigia shemeji simu kumtambia.

Mchana mke wangu kaketi kwenye kompyuta apange vipande vya magauni sita ya wasimamizi wa bibi harusi. Yanatakiwa Ijumaa. Kauliza programu ya baba iko wapi.

Nikakumbuka ripoti: mhalifu wa asubuhi ndiye huyo. Marehemu baba mkwe, mwalimu wa hesabu, alimtungia binti yake programu ya kupanga vipande kitambaani, alipoanza tu ushonaji. Haipo kwingine duniani. Ndiyo maana mlinzi wangu kaiona mgeni.

Nimemwambia huenda inapumzika. Aibu yangu!

Alhamisi, 7 Machi
Njia ya mwongo fupi. Nilifungua karantini nimtoe mfungwa kimyakimya. Vitufe viwili: Rudisha, na Futa Kabisa. Vimekaa bega kwa bega. Kwa mara ya kwanza wiki hii sikubofya. Nikaenda kwenye cherehani, nikamweleza mke wangu yote.

Hakupiga kelele. Kaweka mkasi chini, kasema ile ndiyo sauti ya baba iliyobaki. Afadhali angenitukana.

Shemeji kaja na ovaroli lake la kazini. Karudisha programu, kaondoa ngao yangu nyekundu, kaiwasha tena kinga ya zamani. Programu ikafunguka na maneno ya baba mkwe ya kila siku: Pima mara mbili, mwanangu, ndipo ukate. Shemeji akanyamaza. Nilivyotaka anyamaze wiki nzima! Sikufurahi hata kidogo. Nikampa leso.

Kisha mke wangu kacheka mpaka kajishika mbavu. Kasema alijua tangu Jumanne. Mwenye fotokopi alikuja kumuuliza kama nina afya njema. Kanipapasa kichwa, kasema hata baba alikuwa akiharibu redio ili aitengeneze. Nampenda mke wangu. Hata kaka yake, kidogo.

Ijumaa, 8 Machi
Magauni sita yameondoka kwa wakati. Nimekiri mbele ya wote kwamba kinga ya bure inatosha. Nimekuwa mtu mpya.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kapita asubuhi, kasema kitasa cha mlango wetu kinatosha, kile kile tulichokikuta tulipohamia. Kinatosha! Kajuaje, kama hakuna aliyewahi kukijaribu? Nimengoja aondoke na dada yake kwenda kununua nyuzi. Nikatoka na msumari, bisibisi na daftari hili, nikauvuta mlango ukajifunga wenyewe, funguo nikiwa nimeziacha ndani ili jaribio liwe la haki.

Hii ni saa ya tatu niko nje. Naandika nikiwa nimekaa kizingitini. Msumari umekatikia humo humo kitasani. Kitasa ni imara, lakini nadhani dirisha la bafuni ni dhaifu.