Kuhusu Kususiwa kwa Mkwe Wangu Aliyetoka Japani

Northfield, Birmingham
5 Mei 2011

Mchungaji Bethuel mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama Mchungaji kwa jina la Bwana. Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo inayochemka. Nimejizuia siku nne nisiandike, nimeshindwa.

Kama ujuavyo, binti yangu Kwamboka amechumbiwa na Félicien, kijana wa Bukavu aliyekuwa akisomea uhandisi Japani. Mwezi wa tatu ardhi ya huko ikatetemeka, bahari ikapanda nchi kavu, na mtambo wa nyuklia ukaharibika. Juzijuzi akafika hapa Birmingham, na Jumapili iliyopita nikamleta kanisani kumtambulisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa desturi yetu, mgeni husimama mlangoni baada ya ibada, nasi hupita mmoja mmoja tukimpa mkono. Félicien alisimama dakika ishirini ndani ya suti mpya, na waumini wote wakatokea mlango wa jikoni. Mzee Ronald, ambaye kila wiki tunaliombea goti lake, aliruka mabenchi mawili. Dada Jeannine peke yake ndiye aliyempa mkono, akiwa amevaa glavu za kazini. Najua wengi wetu tunatunza wazee na glavu hazikosekani mkobani, lakini sijawahi kuona zikivaliwa kwa ajili ya bwana harusi.

2. Mzee Ronald ametutumia ujumbe wa simu kwamba tusinyeshewe, kwa kuwa mvua imebeba mionzi. Mchungaji, hapa ni Birmingham, mvua haikauki. Kwaya haijafanya mazoezi wiki tatu.

3. Chumvi. Nani aliwaambia kwamba chumvi ni dawa ya mionzi? Maharagwe ya Jumapili hayakulika. Nusu ya akina mama wana presha, na kama mhudumu wa wazee nasema wazi: mionzi haijafika Northfield, lakini kiharusi kiko njiani.

4. Félicien alikuwa akisomea Osaka. Nimetazama ramani: kutoka pale hadi kwenye mtambo ni mbali kuliko kutoka hapa hadi Edinburgh. Nilipomweleza Mzee Ronald, alinijibu kwamba upepo hauombi viza, kisha akaingia kwenye gari lake lililotengenezwa Japani akaenda zake. Sasa, kama kitokacho Japani ni hatari, basi Mzee atembee kwa miguu, goti au bila goti. Kinanda chetu nacho kitolewe nje, kwa maana kimeandikwa Japani mgongoni. Kamera ya harusi pia. Na anayekipiga kinanda hicho tangu mwaka juzi atengwe, na waliocheza kwa kinanda hicho watengwe, na nikihesabu vizuri, Mchungaji, utabaki ukimhubiria mtoto mchanga wa Dada Jeannine, ambaye naye alilala.

5. Hili la tano naliandika kwa heshima zote. Kila mgeni wewe humwekea mkono kichwani ukamwombea. Félicien ulimwombea ukiwa madhabahuni, mkono umenyooshwa, naye akiwa mstari wa mwisho. Sikulaumu. Labda waya wa kipaza sauti ulikuwa mfupi.

6. Hakuna aliyempa pole. Kijana aliyekuwa akiishi chumba kimoja na Félicien, mama yake alichukuliwa na maji kwao pwani, kaskazini kabisa, mbali na mtambo, na wiki mbili Félicien alikuwa huko akimtafuta pamoja na kijana huyo. Sisi ambao mtu akipiga chafya tunampa pole, neno hilo tulilikosa. Hili limeniuma kuliko yote, na nimelia.

Sasa Kwamboka ameniambia kwamba mchumba wake asiposalimiwa kama binadamu Jumapili hii, watafunga ndoa ofisini kwa serikali na kuhamia Glasgow. Nina binti huyo mmoja tu. Sikumlea ili niwe nyanya wa kwenye simu.

Kwa hiyo naomba uandike orodha ya majina, uisome madhabahuni, na kila atakayetajwa aamriwe kwenda kumpa Félicien mkono mtupu mbele ya kanisa zima na kumwambia pole. Mlango wa jikoni ufungwe. Ufunguo nitaushika mimi.

Msalimie Mama Mchungaji, watoto, wazee wa kanisa, kwaya iliyo kavu, na hata Mzee Ronald, kwa umbali anaoupenda.

Ni mimi, mshirika wako mwenye uchungu mwingi na adabu iliyobaki kidogo,

Roselyne Nyaboke

Nyongeza: Kuna jambo ambalo Kwamboka halijui, na usimwambie. Siku Félicien alipofika kwangu mara ya kwanza, alininyooshea mkono pale mlangoni. Mimi nikakimbilia trei ya chai, nikaikamata kwa mikono yote miwili, nikasimama nayo hivyo, chai yenyewe sijamimina. Alielewa, niliona kwa macho yake. Alikuja akanisaidia kuibeba. Kwa hiyo katika orodha ile jina langu liandikwe la kwanza, kwa maana nikiachwa mwisho nitatoroka.