Pijo Haipokei Mgeni na Jeraha

Jumatatu, 15 Septemba

Pijo, gari yetu, imegongwa. Naandika kwa hasira. Nimeiegesha mtaa wa Malindi, nimo ndani natafuta miwani. Likaja linoah, gari la kubebea watalii, kinyumenyume, likaniingia ubavuni. Mlango wa kushoto umebonyea kama sufuria. Gurudumu la mbele limepinda. Mimi mzima, alhamdulillahi. Ningeumia mimi ikapona Pijo nisingelalamika.

Dereva ni Kheir, mtoto wa dada yake Bi Khamisa wa ghorofa ya chini. Nani mwengine. Kaniamkia shikamoo na gari yake bado imo mlangoni mwangu. Sikuitikia.

Trafiki wameandika kosa ni lake. Kwa hiyo bima yake ndiyo italipa. Mwanangu Tabia katoa simu aipige picha Pijo. Nimemkataza. Mgonjwa hapigwi picha.

Jumanne, 16 Septemba

Bi Khamisa kapanda kunipa pole. Pole yenyewe sasa! Ati labda kuna kheri, gari kongwe nayo ipumzike. Ati siku ya harusi Kheir atampeleka Tabia kwa mumewe kwa lile linoah, bure, tena lina kiyoyozi.

Nimemwambia mimi mwenyewe nililetwa nyumba hii kwa Pijo, na marehemu mume wangu Abdulla ndiye aliyeendesha, hakumwachia mtu usukani hata siku hiyo. Dada zake Tabia wawili wametoka kwa Pijo. Na tarehe 28 Tabia atakwenda Mangapwani kwa Pijo, ikibidi nitaisukuma. Kanijibu nianze kusukuma leo basi, Mangapwani mbali.

Jumatano, 17 Septemba

Kampuni ya bima imepiga simu. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Tabia kanieleza: hatazami ajali tu, anatazama pia kama gari inastahiki kutengenezwa. Akiiona kongwe mno wanakupa senti mbili tatu na inahesabiwa chuma chakavu.

Pijo, chuma chakavu. Nshapata dawa yake.

Nimemwita Ubwa, fundi bodi. Anaunyoosha mlango, anapiga puti ya kuziba mabonde, anapiga rangi. Malipo yake bima ikilipa. Gurudumu kasema hawezi, linataka vyuma vipya. Basi liache, lakini sura iwe sura.

Tabia kaniomba nisiiguse kabla mkaguzi hajaiona. Tabia wangu kasoma chuo kikuu cha Tunguu, kafaulu kuliko mtoto yeyote wa mtaa huu, simzuii kusema. Lakini chuoni hawafundishwi kupokea wageni. Mgeni aje akukute jeraha liko wazi? Nimelelewa mimi.

Ijumaa, 19 Septemba

Pijo iling'aa. Nimeifukiza udi mpaka kwenye buti.

Mkaguzi anaitwa Wakil. Kijana mpole, ana adabu, shikamoo yake ya kuinama. Nimempa kahawa, halua na mkate wa kumimina. Kaizunguka Pijo. Kaizunguka tena. Kauliza mlango uliogongwa ni upi.

Hapo moyo wangu ukajaa. Nimemwambia autafute mwenyewe. Kapapasa, kainama, kapiga kidole, kashindwa. Nikamwonyesha, ndio huu baba, na huoni kitu, au unaona? Kasema kweli Bi Amne, sioni kitu.

Na ndivyo alivyoandika.

Nimemuuliza, na gurudumu je? Kasema mlango hauna alama ya kugongwa, kwa hiyo gurudumu limepinda kwa uchakavu. Bima hailipi uchakavu. Kanambia hivyo na halua yangu bado imemganda menoni.

Nimetaka kumthibitishia kwamba Pijo ina nguvu zake. Nimeitia moto injini, nimeiendesha mbele yake. Imekwenda upande kama kaa mpaka kwenye pipa la taka. Tabia kaenda kuliinua pipa. Bora angenigombeza.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimekwenda ofisini kwao, nimekaa kiti cha mbele kabisa, nimewaambia siondoki. Mkubwa wao kaniletea maji. Kasema bila picha ya siku ya ajali hana la kufanya.

Nimemtolea picha yangu ya harusi. Pijo imo, nzima, inameremeta. Kasema nimependeza sana, lakini anataka ile ya gari ilipoumia. Nikamuuliza, mama yako akivunjika mguu wewe unampiga picha? Kasema siku hizi wanapiga. Dunia imeharibika.

Jioni nimelia kidogo jikoni. Nilisema ni vitunguu, na chakula kilikuwa chai na mkate. Tabia kanishika bega, kasema mama, hata kwa miguu nitakwenda, usijiumize. Hilo ndilo lililonichoma. Dada zake hawakwenda kwa miguu. Baba yake hayupo kumpeleka, na gari ya baba yake nayo isiwepo?

Jumanne, 23 Septemba

Kheir kabisha hodi. Shikamoo tena. Leo nimeitikia marahaba, kwa shingo upande.

Picha anazo. Alizipiga siku ile ampelekee tajiri wake mwenye gari. Mlango upo, gurudumu lipo, trafiki yupo, na mimi nimeshika kiuno mdomo wazi kama papa. Kasema Bi Khamisa ndiye aliyemtuma, kachoka kunisikia nikilalama juu ya dari yake. Sikuamini. Nimechungulia dirishani, nimemwona chini kajishughulisha na ungo wa mchele hauna hata chuya. Nimemteremshia sahani ya mkate wa kumimina. Kipande kidogo. Asije akajiona.

Tabia kazituma picha. Alasiri mkubwa kapiga simu mwenyewe. Wameshalifungua upya jalada langu! Wakil anarudi Alhamisi kulikagua gurudumu. Akiona limepinda kama kwenye picha, wanalipa vyuma vipya, na Pijo inawahi harusi. Kanisisitizia mara tatu: Bi Amne, gari isiguswe. Nimemwambia naam, haiguswi.

Halafu nimekaa, nimefikiri. Yule kijana alikwisha kuiona Pijo ikienda upande mara moja. Aje aione hivyo hivyo tena? Ndiyo maana kaiita chakavu.

Ubwa ana rafiki yake huko Bububu anayenyoosha vyuma kwa moto. Wanaanza kesho baada ya alfajiri. Tabia hajui, nitamwambia ikishapendeza. Alhamisi nitampa Wakil usukani aendeshe mwenyewe, na itakwenda imenyooka kama msumari. Hapo ndipo nimwone kama atathubutu kuandika kwamba imepinda.