Blanketi la Harusi na Mabomba ya Destin

Muhumba, Bukavu

Kwa Papa Zagabe, parrain, msimamizi wa ndoa yetu,

Kwa hiyo, kama nilivyoanza kukueleza Jumapili mbele ya kanisa kabla Maman Godelive hajakuvuta muende kula, mume wangu ni mwema kupita wote, ana macho mazuri, na ninaomba kwa heshima umwite umkaripie. Makosa yake ni haya:

1. Bustani yangu ya mboga za lengalenga imegeuka mitaro. Destin anataka kuleta joto la udongo ndani ya nyumba: maji yanazunguka katika bomba lililozikwa, yanachukua joto, kisha mashine inaliongeza na kulipuliza sebuleni. Sasa analinganisha namna tatu za kuzika. Bomba lililonyooka linakula uwanja wote. Lililoviringishwa kama ngata linatosha penye nafasi ndogo, lakini linataka bomba refu zaidi. La tatu limezungushwa kama kikapu, linasimama ndani ya shimo. Shimo lenyewe! Jirani yetu Maman Bijou alikuja na kitenge cha msiba kutupa pole.

2. Hata akiwa na tope mpaka magotini ananipendeza, na hilo linanizuia kumkasirikia inavyostahili.

3. Hili ndilo kubwa. Siku ya ndoa ulitupa blanketi moja, ukasema mbele ya wageni, "Mujifunike pamoja, ugomvi utakosa pa kulala." Tumekutii. Baridi ya ziwa ikipanda, ninasogea kwake, naye anasogea kwangu. Nyumba ikipata joto, atanisogelea kwa sababu gani? Leo viti viwili, kesho vitanda viwili, kesho kutwa unaitwa kutupatanisha, na blanketi lako limekuwa pazia la jikoni.

Basi, kwa mamlaka ya parrain, muamuru achague bomba linaloleta joto dogo kabisa. Kama yote matatu yanafaa, apande lengalenga.

Salamu kwa Maman Godelive, kwa Colombe na wadogo zake, na kwa wote walioimba harusini kwetu hadi sauti zikakauka.

Binti yako anayependwa sana, na anayetaka kuendelea kupendwa,
Ornella

N.B. Wiki mbili zimepita sijafunga bahasha, na leo Destin amewasha mashine. Kikapu ndicho kimeshinda. Joto limekuja, tamu kabisa, nami nikaanza kulia. Papo hapo umeme wa mtaa ukakatika kama desturi yake, na Destin akasema, "Ornella, leta blanketi." Papa, usimkaripie tena. Achimbe mpaka kwa Maman Bijou! Tutakuja kuwasalimu kabla mwezi haujaisha. Umeme ukichelewa kurudi, nasi tutachelewa kidogo.